Shangazi Aliyemkalisha Mkuu Koridoni

Tarehe thelathini mwezi huu Shangazi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya kugawa nyumba. Kwa umri mimi ni kaka yake mkubwa, lakini humu ndani hata mkuu anamwita Shangazi, nami nimefuata. Walitaka karani aandike habari zake. Nikasema kalamu nipeni mimi, fundi wa milango. Karani alikuwa anasoma ripoti tu, mimi nilikuwa naye mlangoni kwa watu.

Alianza dirishani akipokea waombaji. Hakukaa sana pale. Alisema mtu akiketi kwenye kiti cha ofisi hujieleza vizuri mno, afadhali umkute kwake. Akahamia ukaguzi, na ukaguzi aliuendesha kwa mtindo ambao sijauona kwingine, na mimi nimetembea. Akiingia chumbani hakuuliza mko wangapi. Alisema, "Haya, kila mtu alale anapolala usiku." Asubuhi kweupe, watu wazima wanavua viatu na kujilaza. Watoto wanacheka, wazazi wanaona haya, naye anasubiri tu. Hapo ndipo ungeona nani kichwa chake kiko chini ya meza.

Ndiyo maana alijua shida za nyumba hazifanani. Mama mwenye mtoto asiyetembea hakutaka chumba cha ziada, alitaka ngazi zisiwepo. Kijana anayeishi peke yake alitaka mlango unaofungika. Huo niliuweka mimi na haujalegea hadi leo, ingawa nilibisha kwamba kijana wa peke yake anaweza kungoja. Bado nabisha. Shangazi alinijibu, "Mzee wa Bawaba, wewe funga mlango, maneno niachie."

Lakini kubwa lake ni la yule babu mshona viatu, aliyekuwa akilea wajukuu watatu wa kike katika chumba kimoja. Wasichana walikuwa wameshakua. Ombi lake lilikuwa karibu kukataliwa, maana kwa kanuni za wakati ule familia ni baba, mama na watoto, na chumba kile kiliwatosha watu wanne. Nyumba ya vyumba viwili ilikuwepo moja tu.

Shangazi akawaambia walale. Wasichana wawili kitandani, mdogo mkekani, sakafu ikaisha. Babu akabaki amesimama.

"Na wewe, baba?"

Babu akavuta kiti hadi koridoni, akaketi, akanyoosha miguu. "Mimi hapa. Wapangaji wameshazoea kuniruka. Mabinti wanabadili nguo mle, mwanangu, nitakaaje nao?"

Shangazi hakwenda kugombana ofisini. Alimleta mkuu palepale, na suti yake, akamwonyesha kiti. Mkuu wetu, lazima nimsifu, hakujivuna. Akaketi, akanyoosha miguu. Mara akatokea mama mmoja na ndoo ya maji, akamruka bila kumtazama usoni, akasema, "Shikamoo babu, leo umependeza." Mimi nilicheka hadi nikashika ukuta. Mkuu hakucheka. Alimgeukia babu akauliza, "Kila usiku?" Babu akaitikia kwa kichwa.

Nyumba ikatoka wiki ileile. Na tangu hapo ofisi yetu haiulizi tena nani ni baba na nani ni mama. Inauliza nani na nani hawawezi kulala chumba kimoja.

Mlango wa kati ya vyumba vyao viwili niliutengeneza mimi, mbao ngumu, hauna mfano mtaa ule. Tulipokwenda kuwatembelea, babu hakuinuka kutupokea. Alikuwa amejinyoosha kitandani kwake, mikono chini ya kichwa. Akalalamika, "Shangazi, hawa wanajifungia humo wanacheka, sijui wananicheka mimi." Kisha akafumba macho, na hatujamaliza salamu tayari anakoroma.

Shangazi, ofisi nzima inakushukuru. Mjini humu wapo wengi leo wanaofunga mlango bila kumwacha mtu wao nje, na hiyo ni kazi yako. Kapumzike kwa afya na furaha, wanao na wajukuu wakutunze. Na mlango wako wowote ukianza kukwaruza, ole wako uite fundi mwingine.