Bi Mdadisi Anarudi Nyumbani kwa Mgonjwa Wake

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuuguza wazee majumbani mwao, Bi Mdadisi anaagana na kliniki yetu. Hajachoka, wala hajaanza kusahau. Mumewe alipatwa na kiharusi mwaka jana, na mwanamke aliyetumia ujana wake wote kuulizia hali za wanaouguza, sasa ndiye anayeuguza. Swali linalotusumbua ofisini ni moja tu: yeye ataulizwa na nani?

Jina hilo la Mdadisi nilimpa mimi, dereva wake, na sijutii. Wauguzi wengine huingia, hupima, hufunga kidonda, hao wameondoka. Yeye akimaliza na mzee humgeukia binti au mkwe anayemhudumia na kuomba aonyeshwe mahali anapolala. Mimi niko nje kwenye gari, injini imeshapoa, najiuliza huyu mama anatafuta nini vyumbani mwa watu. Familia moja ilimshtaki ofisini kwa upekuzi.

Kumbe ya kuona yalikuwepo. Katika nyumba moja mzee alikuwa amenawiri, shuka zinanukia sabuni, na wanawe wa kiume walipokuja kumjulia hali walisifu kwelikweli. Binti yake, kitindamimba, alikuwa akilala kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mlango, asije akakosa kumsikia baba akikohoa. Bi Mdadisi hakumsema mtu. Alimwomba tu kaka mkubwa akikalie kile kiti usiku mmoja. Asubuhi kaka alifika kliniki ameshika kiuno, na kabla hajapewa dawa ya maumivu alikuwa ameshapanga zamu na ndugu zake.

Hata desturi yetu ya kupima presha watu wawili ilitokana na kosa lake. Siku moja, huku akipiga soga, alimfunga mkwe mkanda wa kipimo badala ya mgonjwa. Presha ya mkwe ikawa juu kuliko ya mama mkwe aliyekuwa akitibiwa presha. Alipotusimulia ofisini tulianza kucheka, kisha kicheko kikatukauka. Tangu hapo hatutoki nyumba ya mtu bila kuwapima wote wawili.

Lakini huyu mwalimu wetu ni mkaidi ajabu. Tulipomwambia tutapokezana kukaa na mumewe kila Alhamisi ili naye atoke, alikataa katakata. Alisema mume ni wake, dawa zake anazijua yeye, na hataki kusumbua watu. Maneno yaleyale aliyochoka kuyasikia majumbani. Mkuu wa kliniki alibembeleza, akanyoosha mikono. Nikaenda kwa shemeji mwenyewe, yule mumewe.

Siku hizi maneno humtoka polepole, mojamoja, basi nikangoja. Akasema hiyo Alhamisi anaiomba yeye, maana tangu augue hajapata nusu siku bila mtu kumkodolea macho kuona kama anapumua. Amemchoka mkewe, akasema, na anampenda, na anataka akienda sokoni akawie. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka, akakaa chini, akalia, kisha akauliza zamu ya kwanza ni ya nani.

Ni yangu. Dada yetu, ahsante kwa kututunza sote. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na Alhamisi nyingi za kukawia.