Jethro Atalala Wapi Kisiwani

Benchi letu hapa Nyamache si benchi. Ni mlango wa duka lililobomolewa, umelazwa juu ya mawe, na tundu la kitasa bado lipo. Ukikaa vibaya linakufinya. Mbele yetu Nyamoita anauza kahawa kwenye birika la mkaa. Wenyeji, ukiniondoa mimi, ni watatu. Omosa ni fundi wa pikipiki, tunamwita Injinia kwa sababu hakuna kitu ambacho hajawahi kukifungua, ingawa kukifunga ni habari nyingine. Abner tunamwita Wakili: alikaa kortini miaka na kesi ya mpaka wa shamba, akashindwa, akabaki na lugha ya korti. Wa tatu ni Jethro, mkulima wa majani chai, ambaye hana jina la utani kwa sababu ukimtania ananyamaza na utani unakufia mdomoni. Asubuhi hiyo alikuja ameshika simu kama mtu aliyebeba yai.

— Duncan anataka twende kisiwani, alisema. Familia yote. Tupige kambi.

— Kisiwa gani? aliuliza Injinia.

— Kimoja huko ziwani. Unafika Mbita, unapanda boti. Ametuma picha za kambi mbili, anasema baba chagua. Anataka jibu leo.

Niseme mambo wazi, maana sipendi kuzungusha mtu. Duncan ni kijana wake wa kwanza, yuko Nairobi na mkewe Beverlyne na watoto wawili. Hajajenga nyumba yake hapa nyumbani. Na kwetu mwanaume aliyeoa hawezi kulala na mke wake ndani ya nyumba ya babake. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Kwa hivyo wakija Desemba wanalala hoteli mjini Kisii, wanakula mchana kwa Jethro, jua likielekea kushuka wanaaga. Wale wajukuu hawajawahi kulala kwa babu yao hata usiku mmoja. Kisiwani hakuna nyumba ya baba wala ya mwana. Ndiyo maana yule mzee alikuwa ameishika simu vile.

Tuliinama juu ya picha. Kambi ya kwanza iko ufuoni, mchanga, jiko la mawe matatu, choo cha mabati, na hema moja kubwa la kulala familia nzima, pazia katikati. Ya pili iko juu mlimani: vibanda vya nyasi, kila kimoja peke yake, na njia ya mawe inayopanda mpaka unachoka kwa kuangalia tu.

— Si ni rahisi! nilisema. Chukua ya vibanda.

— Na goti la Nyanchera? Jethro alijibu. Mama Duncan hapandi hata ngazi ya kanisa siku hizi.

— Basi chukua ya ufuoni.

— Nilale chini ya paa moja na mke wa kijana wangu? Pazia katikati?

Hapo Nyamoita aliacha kumimina kahawa.

— Mwambie Duncan tu ukweli, alisema.

— Nimwambie nini? Nianze kuongea na kijana wangu mambo ya mahali analala na bibi yake? Hiyo yenyewe ni aibu kubwa kuliko hema.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Wakili akasafisha koo.

— Tuanze na swali la msingi. Hema ni nyumba?

— Nyumba ni kitu kina mlango, Injinia alisema. Hema haina mlango. Ina zipu.

— Kwa hivyo zipu si mlango?

— Suruali yako ina zipu, Wakili. Wewe unaishi huko?

Nyamoita alicheka mpaka mkaa ukaruka. Wakili hakutikisika.

— Mimi naangalia paa. Kitu chochote kinachozuia mvua ni paa. Na chini ya paa kuna heshima.

— Basi mwavuli ni nyumba! Ukimsindikiza mke wa kijana kwenye mvua umekosea!

— Ndiyo maana simsindikizi. Mimi hunyeshewa.

— Sikilizeni, Injinia alisema, sasa amesimama. Nyumba ina msingi. Hema imefungwa na kamba. Ukikata kamba inaruka. Kitu cha kuruka hakiwezi kuwa nyumba. Jethro alale, na usiku akisikia wasiwasi, akate kamba.

— Halafu?

— Halafu kila mtu yuko nje. Nje hakuna chinsoni.

Nilimwambia aketi kabla sijamketisha. Lakini Wakili alikuwa amepata moto.

— Mnasahau maji. Mila zetu ni za milima hii. Zilitungwa na watu ambao hawakupanda boti. Nani amesema zinavuka ziwa? Boti ikiachana na nchi kavu tu, sheria ya huku imekoma.

— Na akirudi?

— Inamngojea pale kwa boti.

— Heri alale ndani ya boti yenyewe, Injinia akasema. Katikati. Wala huku wala kule. Nitamfungia kamba ndefu.

— Na viboko?

— Kiboko hana shida na mtu mwenye heshima.

Nilisema upuuzi huo ukiendelea naenda zangu, na sikuenda. Jethro hakuwa amecheka hata mara moja. Alikuwa anaikuza picha ya hema kwa vidole viwili, anaangalia pazia, kama vile litageuka ukuta.

— Nitamwambia nina homa, alisema mwishowe. Waende bila mimi.

Esnah, mama aliyefungua kibanda cha cherehani ng'ambo ya barabara juzijuzi, alikuwa amekuja kununua kahawa. Hatumjui, naye hatujui. Alisikiliza kidogo, akauliza kwa upole:

— Samahani, mzee. Huyo mjukuu mdogo hukuitaje?

Jethro aliweka simu mapajani.

— Mimi?

— Ndiyo. Anakuita babu, ama sokoro, ama anakuitaje?

Jethro alimtazama Wakili. Wakili aliangalia kikombe chake. Injinia alianza kusafisha ukucha kwa bisibisi. Kumbe yule mtoto, wakati wote wa Desemba, hujificha nyuma ya gauni la mamake mpaka gari liondoke.

Jethro alibonyeza simu, na kwa vile hajui kuzima spika, sote tulisikia.

— Duncan. Usiniambie kitu. Nipe yule mdogo.

Mlio wa sahani. Kisha sauti nyembamba:

— Hallo? Ni nani?

— Ni sokoro.

— Sokoro ni nini?

— Ni baba ya baba yako. Nimeskia mnaenda kisiwani.

— Eeh. Kuna hema kubwa. Na wewe utalala wapi?

Sote kwenye ule mlango tuliinamia simu. Hilo ndilo swali tulilolichapa tangu asubuhi, na birika lilikuwa limebaki masimbi ya kahawa tu.

Jethro aliisogeza simu karibu na mdomo. Na babu kwa mjukuu hana aibu. Kwetu mjukuu unamwambia chochote.

— Mwambie baba yako, alisema, sokoro anataka hema yake ndogo, pale ufuoni, kando. Mimi na magokoro, nyanya yako. Na wewe na ndugu yako mtalala kwetu.

— Kwenu? Usiku?

— Mpaka asubuhi.

Tukasikia miguu midogo ikikimbia, na sauti ikipiga kelele mbali na simu:

— Baba! Baba! Sokoro anasema anataka hema yake! Na mimi nalala kwake!

Halafu Beverlyne akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, akasema, "Asante Yesu, mimi nilikuwa nashindwa tutamwambiaje mzee habari ya hema moja."

Jethro aliweka simu sikioni ingawa spika ilikuwa inanguruma vile vile. Injinia alikuwa ameshaanza kumweleza Esnah jinsi ya kufunga kamba za hema dogo.