Moyo wa Mzee Baridi

Milio mitatu mifupi, mikali, kama kifaranga aliyekanyagwa, halafu kimya, halafu mitatu tena, ndivyo simu ya baba ilivyolia usiku wa kuamkia jana, saa nane na dakika kumi, ikiwa ndani ya mkoba wangu, mwenyewe akiwa chumba cha maiti, mtoto wangu akaamka akilia, na mimi nikabaki nimekaa kitandani nisijue niipokee au niitupe. Majirani wa ukuta kwa ukuta mlio huo mnaujua, umewakatisha usingizi miaka kumi na tisa, mlikuwa mnasema haya tena, Mzee Baridi ameitwa na friji lake. Nitaurudia mlio huo, mnivumilie, karatasi hii ya wasifu wa marehemu nimepewa mimi kitindamimba kwa sababu ndiye niliyemuuguza, bora nianze mwanzo nisije nikachanganya mambo.

Marehemu baba yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Juni 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya useremala ya babu, akiwa mtoto wa kwanza, akaachiana ziwa na shangazi yetu aliyekaa pale mbele, na wakawa hao hao wawili tu. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akaendelea na sekondari hadi 1981, akisifiwa kwa fizikia na kuombwa na mwalimu wa kwaya, kwa heshima zote, afungue mdomo tu bila kutoa sauti. Mwaka 1982 hadi 1984 alisomea ufundi wa majokofu, na tarehe 2 Januari 1985 akaanza kazi kwenye kiwanda cha barafu, alikodumu mpaka kilipofungwa tarehe 30 Juni 2005.

Huko kiwandani ndiko alikompata mama, karani wa zahanati, aliyetumwa kununua barafu ya kuhifadhia chanjo, akarudi kesho yake, na keshokutwa yake, hadi msimamizi akauliza zahanati hiyo inachanja watu au inachanja mpaka kuku. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu mwaka 1994 na mimi tarehe 30 Agosti 2001.

Tarehe 3 Oktoba 2005 aliajiriwa kama fundi wa majokofu kwenye taasisi ya utafiti, na tarehe 17 Februari 2016 ikaletwa pale hadubini kubwa ya elektroni, ndefu kuliko mlango, ikabidi ukuta ubomolewe, na baba akalala kazini siku tatu kana kwamba mke amejifungua. Nilikuwa kidato cha kwanza, nikamuuliza mashine yote hiyo ni ya kuangalia nini, akaniambia ni ya kuangalia protini, vibarua wa mwili, wadogo mno hata mwanga wa kawaida hauwaoni, kwa hiyo wataalamu wanawagandisha kufumba na kufumbua ndani ya tone jembamba la maji, wanawapiga picha maelfu kwa maelfu, kompyuta inazilinganisha mpaka umbo linajitokeza, maana kutengeneza dawa bila kujua umbo ni kuchonga ufunguo wa kufuli usiloliona. Maji yakiganda polepole, alisema, yanakuwa barafu na kuharibu kila kilichomo, yakigandishwa ghafla yanakuwa kama kioo, na kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa. Halafu akachukua mpira wa kaka, akauchovya kwenye chupa yake ya naitrojeni, ile hewa inayopozwa mpaka ikawa kimiminika, akaudondosha, ukavunjika kama sahani, na kaka mpaka leo anadai mpira wake.

Picha hazikuwa kazi yake, kazi yake ilikuwa baridi, nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri isipande, mchana na usiku, kwenye ile hadubini na kwenye tangi linalotunza sampuli za wagonjwa, ambazo zina namba tu, hazina majina. Kiwango cha naitrojeni kikishuka, simu yake ililia, naye alitoka. Hakuwahi kuuliza namba fulani ni ya nani. Kila namba ina mwenyewe, alikuwa akisema, na kila mwenyewe ana mama yake.

Mwaka 2020 vidole vilianza kumfa ganzi, na hapa ndipo sote tulipokosea, yeye wa kwanza, alisema ni baridi ya kazini, akanunua glavu nene zaidi, tukamkanda, akapasuliwa viganja mwaka 2021 kulegeza mishipa iliyobanwa, akapata nafuu kidogo. Mwaka uliofuata miguu ikavimba, ngazi nane za kwetu zikawa zinamchukua mapumziko mawili, na tarehe 14 Novemba 2023 daktari wa moyo akatuambia si baridi, ni protini moja inayotengenezwa na ini, imekunjika vibaya, inajirundika kwenye mishipa ya fahamu na kwenye moyo mpaka moyo unakuwa mgumu, na kwa baba imo kwenye damu ya ukoo. Baba alicheka, jamani, alicheka mpaka akakohoa, akasema miaka yote nawawekea baridi waipige picha, kumbe ninayo kifuani. Aliendelea na kazi hadi tarehe 28 Februari mwaka huu, akalazwa tarehe 6 Mei, na Jumatano tarehe 21 Mei 2025, saa kumi na moja na nusu alfajiri, akatutoka, nikiwa nimemshika mkono.

Sasa shangazi, nakuomba usinikatize, nikikatizwa sitaweza tena. Juzi ulisema mbele ya watu ndugu yako azikwe mzima kama alivyozaliwa, nami nikanyamaza, na kunyamaza kule kulinichoma. Jumapili tarehe 11 Mei baba aliweka sahihi, mbele ya daktari, kwamba akifa kitolewe kipande cha moyo wake, kisichozidi punje ya mahindi, kiende kwenye lile tangi, wataalamu waone umbo la kinachotuua. Shahidi ni mimi. Aliniambia niseme siku ya mazishi, nisiseme mapema wasije wakakataa, wala nisichelewe wakaona wamedanganywa. Jumatano hiyohiyo kikachukuliwa.

Ndiyo maana simu ile ilinitia hofu, hawakuwa wamelitoa jina la baba kwenye orodha ya kuitwa, na mimi peke yangu humu ndani nilijua kiwango kinachoshuka ni cha tangi lenye baba. Mama akaingia na kanga begani, akauliza kuna nini, nikamwambia yote kwa mkupuo, nikangoja kofi. Mama akaniangalia, akaniambia, sasa unakaa nini, piga simu, moyo wa mume wangu usije ukayeyuka. Nikampigia dada mmoja mtafiti wa pale kwenye taasisi, akatoka na kandambili, mlinzi akafungua geti, saa tisa kasorobo dada huyo akanitumia ujumbe kwamba tangi limejaa, na mama akachukua mjukuu wake akambembeleza hadi asubuhi.

Kwa hiyo hapa anazikwa baba mzima, kasoro punje, na punje hiyo ipo kazini. Shangazi, hukuachiana naye ziwa bure, miguu yako nimeiona jioni inavyobana viatu, babu naye alipovimba hivyo tuliambiwa ni uzee, daktari anasema si kila mtu anarithi, lakini wanaowahi kupimwa wanasaidika. Mimi naogopa, sitadanganya, nina mtoto wa miezi saba. Jumatatu saa mbili asubuhi mimi na kaka tunaenda kupimwa, njoo twende, tukae benchi moja.

Familia inamshukuru daktari wa moyo aliyetuambia ukweli huku ameketi, hakutuambia akiwa mlangoni, wauguzi wa zamu ya usiku, majirani mliobeba viti na kumbeba yeye kwenye zile ngazi, na wenzake wa taasisi, walioacha koti lake kwenye msumari wake. Mliotusaidia nami sikuwataja, ni woga wangu, si dharau.

Baba, ulisema kikigandishwa ghafla kinabaki kama kilivyokuwa, nami nakuona hivyo, ukicheka. Pumzika kwa amani, kiwango kiko juu, simu nimeizima. Na ile namba ya punje yako, uliyotaka isijulikane wasije wakaipendelea kuliko za wengine, niliiona nikiweka sahihi, naikumbuka, na kama nilivyokuahidi, sitamwambia mtu mwingine.