Miguu ya Mkurugenzi: Shangazi Aweka Kalamu Chini

Wengi hudhani kumchora mtu kwa dhihaka ni kumrefusha pua. Hilo ndilo kosa la kwanza, na Shangazi, mchora katuni wa gazeti letu anayestaafu Ijumaa hii baada ya miaka thelathini na mmoja, amelirekebisha kwa kila aliyepita mezani kwake. Pua mtu amepewa, husema, lakini maringo ameyatafuta mwenyewe. Basi yeye huchora maringo.

Kazi yote hufanywa na mstari. Kalamu yake ina ncha ya chuma: ukiikandamiza, mstari hunenepa, ukiiinua, hukonda. Mahali mtu anapojitutumua, Shangazi hukandamiza. Mahali anapoficha udhaifu, huinua mpaka mstari unakaribia kukatika. Huanza na mgongo na mabega. Uso huja mwisho, na mara nyingi tumeshamtambua mtu kabla hajapata macho. Mhariri mkuu aliwahi kujitambua kwa kisogo, akaacha kupita meza ile na kikombe chake cha chai.

Wapo wanaokumbuka mwaka mabomba ya mji yalipokauka. Shangazi alimchora mkurugenzi wa maji akihutubia: koti la mistari minene, miguu ya mstari mwembamba kama uzi usiofika chini. Mpanga kurasa akadhani wino ulimwishia. Kwa nia njema kabisa, akaisawazisha mistari yote kwenye kompyuta. Kesho yake, gazeti lilipotoka, mkurugenzi akatuma shukrani, na kuomba nakala ya kutundika sebuleni.

Chumba kizima cha habari kilicheka, isipokuwa Shangazi. Watu waliopanga foleni na ndoo waliutegemea ukurasa ule uwasemee, kumbe ulikuwa umempamba aliyewaacha na kiu. Alimwendea mpanga kurasa, akavuta kiti.

"Mwanangu, tukimcheka mtu naye akashukuru, hatujamcheka."

Akaomba mchoro uchapwe upya, kama ulivyotoka mkononi. Ukachapwa. Safari hii mkurugenzi alipiga simu mwenyewe, akiuliza miguu yake imetukosea nini. Maji hayakurudi siku hiyo, lakini kwenye foleni walikuwa wakioneshana gazeti, kidole kikiwa pale pale uzi ulipokatikia.

Shangazi, asante kwa kutufundisha kutazama. Kapumzike kwa afya, wajukuu wakuchoshe kwa vicheko, na wino usikauke nyumbani kwako.

Nanyi wapanga kurasa: leo jioni, mchoro wa kwanza wa mrithi wake ukifika, upelekeni mtamboni bila kuugusa.