Shangazi Kata-Moto na Kisanduku Kilichoogopwa Kuzimwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Shangazi Kata-Moto, mkuu wa karakana ya vidhibiti vya pampu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Sherehe ya kumuaga itafanyika siku hiyohiyo katika bwalo la wafanyakazi, saa kumi jioni. Ameshatuonya kwamba hotuba ndefu zitakatwa.

Alianza kazi hapa kama fundi wa mota, enzi ambazo pampu iliwashwa na mlinzi kwa kuangalia tangi kwa macho na kukisia. Picha moja tu ya siku zile imesalia. Inamwonyesha msichana mwembamba aliyeshika spana ndefu kuliko mkono wake, uso umekunjwa kana kwamba mpiga picha amechelewa. Wanaomfahamu wanasema kilichobadilika ni ule wembamba peke yake.

Kisha vikaja visanduku. Kwa wasomaji wa idara nyingine, kila pampu yetu ina kisanduku cha ukubwa wa tofali, na ndani yake mna kompyuta ndogo inayoendeshwa na mfumo uitwao Linux. Haina kioo wala kibodi. Kazi yake ni kusoma kina cha maji kwenye tangi, kuwasha pampu, kuizima na kutuma taarifa ofisini. Ikigoma kuamka haipigi kelele, inakaa kimya tu na maji yanakwisha. Ili kujua ina nini, fundi huunganisha waya mdogo kwenye pini zake, akafungua kompyuta yake ya mkononi na kusoma maneno yanayopita pale mashine inapojaribu kuamka.

Shangazi hakuyasoma maneno hayo kimoyomoyo. Aliyaita kwa sauti kama mwalimu anayeita mahudhurio. "Kumbukumbu yupo. Kadi yupo. Mtandao? Mtandao bado amelala, mwacheni, atafika." Mgeni aliyepita dirishani aliwahi kuuliza kama karakana ina saa maalumu ya maombi. Lakini ndivyo tulivyojifunza sote. Ukisoma kwa sauti huwezi kuruka mstari, na kosa huwa limejificha kwenye mstari ambao kila mtu anauruka.

Jina la Kata-Moto lilitokana na sheria yake ya pili, baada ya ile ya kusoma kwa sauti. Kisanduku hakikutoka karakanani mpaka kikatiwe umeme katikati ya kazi, kikiwa kinaandika, taa inapepesa, pale ambapo kila kitabu cha maelekezo kinasema usiguse. Kikiamka chenyewe, kinapita. Kikihitaji mtu wa kukisaidia, kinarudi mezani. "Huko kinakokwenda," alizoea kusema, "umeme haupigi hodi."

Muuzaji mmoja alituletea kisanduku cha sampuli, kipya kinachong'aa, akaanza kueleza kwamba waya usichomolewe wakati wa... Hakumaliza sentensi. Shangazi alikwisha chomoa. Kisanduku hakikuamka, na muuzaji aliondoka bila kugusa chai yake. Miezi kadhaa baadaye alirudi na kisanduku kingine, akakiwasha, akachomoa waya kwa mkono wake mwenyewe kabla hajakaribishwa kiti. Siku hiyo alikunywa vikombe viwili.

Si kwamba Shangazi hakukosea. Alikosea kwa kiwango cha mkuu wa karakana. Kulisha kisanduku, kama tunavyoita sisi kazi ya kufuta programu iliyomo na kuingiza mpya, kunahitaji ujue waya ulioushika unakwenda wapi. Siku moja alikuwa na nyaya mbili zinazofanana mezani, mmoja wa kisanduku cha majaribio na mwingine wa kisanduku cha tangi la jengo la utawala, kilicholetwa kubadilishwa betri na kisha kikarudishwa kazini huku waya wake mrefu ukiwa bado umeunganishwa na meza yetu. Alilisha kile cha tangi. Pampu ikawaka na haikujua tena kuzima. Maji yalifurika kutoka juu ya paa hadi kwenye maegesho, na meneja akakuta gari lake limeoshwa bila kuomba. Shangazi alipanda ghorofani kujieleza na kushuka na utepe wa rangi kutoka stoo. Tangu hapo kila kisanduku na waya wake huvaa rangi moja, na asiyevalisha hushonwa kwa maneno mpaka Ijumaa.

Lakini wasifu huu ungekuwa pungufu kama usingeeleza mwaka wake wa mwisho, kwa sababu huo ndio aliofanyia kazi kubwa kuliko yote.

Katika kikao cha tarehe 8 Januari alisema kwamba hataki kuacha nyuma kisanduku hata kimoja kinachomjua yeye peke yake. Ilikuwa kweli kwamba vilikuwepo, tena vingi. Visanduku vyetu vya zamani vilikuwa na nakala moja tu ya mfumo. Ukituma programu mpya na umeme ukakatika katikati, kinakufa, na mtu lazima aende akifungue, agusanishe pini mbili mahali fulani kwenye bodi na kukilisha upya. Mtu huyo siku zote alikuwa Shangazi. Amewahi kutoka kwenye harusi na viatu vya kukodolewa macho akaingia kwenye vyumba vya pampu. Mume wake, dereva mstaafu, hutania kwamba alioa mke mmoja lakini wake wenza wa chuma wamemzidi kwa hesabu. "Sitaki kustaafu kwa barua," Shangazi alituambia, "huku simu yangu ikibaki kazini."

Dawa ilikuwa kuvipa visanduku nakala mbili za mfumo. Moja hufanya kazi wakati nyingine inasasishwa. Mpya ikishindwa kuamka, kisanduku kinarudi kwenye ile ya zamani na kutuma taarifa kwamba kimerudi. Hilo si jambo la ajabu siku hizi. La ajabu lilikuwa kwamba alikataa kulifanya. Alikaa pembeni na kutuachia sisi, wilaya baada ya wilaya, kituo baada ya kituo. Ukimnyooshea bisibisi alisema, "Mikono yangu imeshastaafu, mwanangu. Mdomo ndio bado una mkataba." Na mdomo ulitumika.

Kufikia Mei kilibaki kimoja. Ni kile cha hospitali, kinachopandisha maji kwenye jengo la wazazi. Hicho hakikuwahi kuzimwa kwa miaka mingi, na sababu ilijulikana: kadi inayotunza programu zake ilikuwa imechoka, na hakuna aliyeamini kwamba kikizimwa kitaamka tena. Kilibandikwa karatasi ya USIGUSE yenye plastiki juu. Betri yake ya akiba ilibadilishwa kikiwa kinafanya kazi, mafundi wawili wakibana pumzi. Wapaka rangi walipopita walipaka ukuta pamoja nacho kwa sababu waliogopa kukisogeza.

Meneja wetu, ambaye ni mhandisi na si mtu wa pupa, alitaka kiachwe mpaka pampu mpya ije. Shangazi akapinga. "Mashine inayoogopwa kuzimwa imeshaharibika, mhandisi. Tunachosubiri ni tarehe tu." Meneja akamuuliza swali moja: kikigoma, wazazi wataoga nini? Hapo Shangazi alikiri ameshikwa. Alikuwa amefikiria kisanduku, hakuwa amefikiria ndoo. Mpango wa matangi ya paa kujazwa mapema na gari la maji kusimama getini ulikuwa wa meneja, na Shangazi husema hivyo kila kisa hiki kinaposimuliwa.

Meneja alitoa ruhusa kwa sharti moja. Shangazi asiguse kitu wala asielekeze. Karakana ikifaulu peke yake, ataondoka tarehe 30 Juni kama ilivyopangwa. Ikishindwa, anaongezewa mkataba wa mwaka mzima, kwa kuwa itakuwa imethibitika kwamba bila yeye hatuwezi. Shangazi alikubali papo hapo. Kisha akatugeukia na kusema, "Mume wangu ameshanunua mbegu. Mkinibakisha hapa, mtakuja kumweleza nyinyi."

Jumamosi tarehe 17 Mei, saa tatu asubuhi, tulikuwa kwenye chumba cha pampu cha hospitali. Kazi ilikuwa ya fundi tunayemwita Miwani, akisaidiwa na fundi mwenzake, Dada Waya. Muuguzi mkuu alisimama mlangoni kando ya meneja, mikono kiunoni. "Wazazi wangu wakikosa maji," alisema, "ndoo mtabeba nyinyi, na ngazi ni za ghorofa tatu." Shangazi alipindua ndoo tupu, akakaa juu yake na kuingiza mikono kwenye mifuko ya koti.

Miwani alinakili kwanza kila kilichokuwa kwenye kadi ya zamani, maana karakanani kwetu hukilishi kisanduku chakula kipya kabla hujaweka akiba ya chakula chake cha jana. Kisha akachomoa betri ya akiba na kukizima. Pampu ikanyamaza. Akaweka kadi mpya yenye mfumo wetu wa nakala mbili, akawasha. Maneno yakapita kwenye kioo cha kompyuta yake: kumbukumbu, kadi, kisha mstari unaosema kiini cha Linux kinaanza. Baada ya hapo, kimya. Akazima, akawasha. Mstari uleule, kimya kilekile. Akabadilisha kadi, kwa kuwa kadi ndiyo hulaumiwa kwanza. Kimya.

Wote tukageuka kumwangalia Shangazi. Yeye akaangalia ukuta. "Mimi leo ni mgeni," alisema. "Niulizeni habari za nyumbani."

"Habari za nyumbani?" Miwani akauliza, jasho likimtoka.

"Wanangojea mbegu zipandwe."

Juu ya paa maji ya matangi yalikuwa yanashuka. Muuguzi mkuu alikuja mara ya pili, safari hii na ndoo mbili tupu, akaziweka mlangoni. Hapo ndipo Dada Waya alipovuta kompyuta kwake na kuanza kusoma kwa sauti tangu mstari wa kwanza, polepole, akiita kila kimoja. Kwenye mstari wa kumbukumbu akasimama. Kisanduku kilikuwa kinadai kina kumbukumbu maradufu ya ile kilichotaja asubuhi kabla ya kuzimwa. "Mwongo huyu," alisema. Akachukua tochi, akakwangua rangi ya ukutani iliyoingia hadi kwenye pembe za bodi, na kuangalia. Bodi zetu nyingine zote zina vipande viwili vya kumbukumbu. Hii ilikuwa na kimoja.

Ilikuwa ya toleo la kwanza kabisa, iliyonunuliwa kabla ya zile nyingine zote. Kwa nje zinafanana kama mapacha, na lebo ambayo ingetuambia ilikuwa chini ya rangi. Tulikuwa tumeipa programu ya kwanza, ile inayoamka kabla ya nyingine zote, iliyoandaliwa kwa ajili ya mdogo wake, yaani toleo lililofuata. Nayo ikamwambia Linux aweke vitu vyake kwenye chumba ambacho nyumba hii haina.

Kwa bahati ile akiba ilikuwepo. Miwani alichota programu ya kwanza ya asili kutoka kwenye nakala aliyoifanya asubuhi, akaiweka kwenye kadi mpya na kuacha mengine kama yalivyo. Akawasha. Mistari ikapita: kumbukumbu ya kweli, kadi, kiini, mtandao. Kisha mota ikaunguruma, na mshale wa kipimo cha tangi ukaanza kupanda. Muuguzi mkuu akapiga makofi.

Makofi yalikuwa bado yanaendelea Miwani alipoinama na kuchomoa waya wa umeme.

Hakuna aliyemwambia. Muuguzi mkuu alipiga ukelele, "We kijana, una wazimu?" Meneja alishika fremu ya mlango. Shangazi hakusogea, lakini aliyekaa karibu naye aliona mikono yake ikikunjwa ngumi ndani ya mifuko. Miwani akarudisha waya na kukaa mbali na kisanduku, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Taa ikapepesa. Hakikuguswa na mtu, nacho kikaamka, kikasoma tangi na kuwasha pampu. Meneja akaachia fremu, akasema, "Mkataba hauongezwi," akaenda kuliruhusu gari la maji liondoke.

Zawadi ya kumuaga mnaichangia, na hilo ni jema. Lakini ile aliyoitaka alipewa tarehe 11 Juni, na wala hatukuikusudia. Siku mbili kabla yake tulikuwa tumetuma programu mpya kwa visanduku vyote. Cha tangi la sokoni kilishindwa kuamka nayo, kikarudi chenyewe kwenye nakala ya zamani na kutuma taarifa. Maji hayakukatika hata kidogo. Dada Waya aliona taarifa asubuhi, akatafuta kosa, akalirekebisha, akaendelea na mengine. Shangazi aliyasikia kwenye meza ya chakula cha mchana, katikati ya umbea mwingine.

"Mbona sikuambiwa?" akauliza, kijiko kikiwa hewani.

Dada Waya akauliza naye: "Tungekuambia ili ufanye nini, Shangazi?"

Shangazi akaweka kijiko chini, akacheka mpaka akalazimika kujifuta macho, na akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha. Kisha akaomba asimuliwe tena, tangu mwanzo, na wasiruke mstari.

Kwa niaba ya karakana na idara nzima: ahsante, Shangazi, kwa kutubana hadi tukatosha. Mungu akupe afya na usingizi wa kushiba, wewe na mzee nyumbani, na kila mnachopanda kiote. Maisha yawe mema kwako.