Kumpisha Mzee Ndolo Majini

Pale Kithimani, kando ya karakana ya mlehemu, pana benchi lililoundwa kwa mbao za tela la zamani. Kila asubuhi Peris huweka birika la kahawa ya tangawizi juu ya jiko, na kila asubuhi huja wale wale: Laban, aitwaye Tipa kwa kuwa anaendesha lori la mchanga, Festus, aitwaye Profesa kwa kuwa hakuna anayejua alisomea nini, na Ndunda, mchoraji wa mabango, aitwaye Kapteni. Jina hilo lilianza kama dhihaka. Leo Kapteni alikuwa ameshika simu, na kahawa yake ilikuwa inapoa.

— Soma tena, alisema Tipa.

— “Jumamosi tunashindana bwawani. Baba anaingia majini mara ya mwisho. Nahitaji mtu wa usukani kwa mashua yangu. Nijibu kabla ya saa sita. Lakini safari hii usimpishe. Kalondu.”

— Miaka ishirini na mbili! Profesa alipiga mluzi. Huyo mama hajasahau.

— Na bwana yake je?

— Wacha hizo, Tipa. Yeye ako na watoto watatu huko Kola, na mimi niko na wangu. Hii ni maneno ya mashua.

Walishaisikia hadithi hiyo, lakini Ndunda aliisimulia tena. Zamani alipaka rangi mashua za klabu moja ndogo ya bwawani. Kila Jumatano jioni, wenye klabu wakishaondoka, Mzee Ndolo, seremala wa pale, aliwafundisha wafanyakazi wenzake kushindana kwa mashua za tanga. Alichora mashua kwa chaki, akachora upepo, akafuta, akachora tena. Ndunda alijifunza kuusikia upepo kwa shingo kabla ya kuuona majini. Alijifunza kungoja honi bila kuvuka mstari, na kulizunguka boya karibu bila kuligusa. Kalondu, binti wa mzee, alikaa mbele katika mashua ya Ndunda, na tanga dogo, akicheka kila maji yalipomrukia. Na wote walikariri sheria: mashua mbili zikikutana, inayopata upepo kutoka kulia ndiyo yenye njia. Nyingine ipishe.

Siku ya fainali, upepo ulitoka kulia kwa Ndunda. Boya la mwisho lilikuwa pale mbele. Mzee Ndolo akatokea, upepo wake ukitoka kushoto. Na Ndunda, ambaye mwezi ule alikuwa akitafuta mbuzi wa ntheo ili akamchumbie Kalondu, akageuza usukani, akampisha baba mkwe, na mzee akachukua kikombe. Kalondu alishuka kabla hawajafika ukingoni, akatembea ndani ya maji hadi nchi kavu. Wale mbuzi hawakwenda popote.

— Ulifanya poa, alisema Profesa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Lakini mzee hakusema kitu, alisema Ndunda.

— Hiyo ndiyo mbaya zaidi!

— Sikia mimi, alisema Tipa. Kwa barabara, mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Weka gunia tatu za mchanga kwa hiyo mashua. Mzee akikuona, atatoka mwenyewe.

— Itazama.

— Si itazama ikiwa mbele!

Peris alicheka hadi kahawa ikamwagika juu ya jiko.

— Nyinyi mnasahau maji, alisema Profesa. Yale ni maji ya Tana. Tana inajua rika la kila mtu. Ukimkata mzee, maji yenyewe yanakushika nyuma.

— Ai, Profesa! Maji inajuaje rika?

— Maji yakimwagika hayazoleki. Unafikiri ni kwa nini walijenga bwawa?

Tipa aliangua kicheko. Ndunda naye alicheka, lakini kidole chake kilikuwa bado juu ya simu. Angeweza kuandika kwamba ana kazi. Ila hata sasa, akiwa juu ya ngazi anapaka bango na upepo ukimjia ghafla, mkono wake wa kushoto hujifumba wenyewe, ukishika usukani ambao haupo.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa Mwongeli, mama mgeni aliyengojea jembe lake lilehemiwe.

— Samahanini, alisema. Huyo mzee, alifurahi kupishwa?

Profesa na Tipa walimgeukia Ndunda.

Ndunda aliitazama barabara, akaona maji ya siku ile. Aliiona mashua ya Mzee Ndolo, na kwa mara ya kwanza akaona kilichokuwepo siku zote: tanga la mzee lilikuwa limeshaanza kulegea. Mzee alikuwa tayari anageuka, ampishe mwanafunzi wake. Aliona pia kile kikombe cha ushindi, ambacho mzee alikiacha juu ya uzio akaenda nyumbani kwa miguu.

— Sijui, mama, alisema. Sikumwangalia uso. Niliangalia mvi.

Peris aliinamisha birika. Kilitoka nusu kikombe, kisha machicha matupu. Ndunda aliandika polepole, akasoma kwa sauti kabla ya kutuma:

— “Nakuja. Mwambie mwalimu wangu, upepo ukiwa wangu, sitageuka.”