Bi Lebo na Mfuko Mwekundu Uliolia

Baada ya kazi ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne, mama yetu wa Kitengo cha Udobi anastaafu tarehe 30 Juni. Miaka ishirini na mitano kati ya hiyo ameitumia kwenye dirisha la kupokelea nguo chafu. Dirisha lenyewe halizidi upana wa mto wa kulalia, lakini hakuna shuka, pazia wala gauni la upasuaji la hospitali hii lililofuliwa bila kupita kwanza mbele ya miwani yake. Jina lake kamili limo kwenye mafaili ya ofisi. Sisi tunamwita Bi Lebo, na hata mganga mkuu akipiga simu huku chini huomba kuzungumza na Bi Lebo.

Alianza kwenye meza ya kukunja, enzi za mashine moja tu iliyokuwa haiwaki mpaka ipigwe teke, na teke lake ndilo lililokuwa likisikilizwa. Alipopewa dirisha akaja na sheria yake: kila mfuko uwe na lebo yenye mistari mitatu. Unatoka wapi, nani kaufunga, una nini ndani. Usipokuwa na lebo, unarudi ulikotoka, hata kama aliyeuleta ni muuguzi mkuu mwenyewe. Na muuguzi mkuu amewahi kurudishwa, tena mara mbili kwa siku moja, akapanda zile ngazi huku akisema maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa.

Watu walinung'unika sana mpaka siku ile pete ya ndoa ya mgonjwa mmoja ilipoonekana ndani ya foronya. Bi Lebo alisoma lebo ya mfuko, akapanda hadi wodi iliyoandikwa, akamkuta mzee wa watu anapekua chini ya godoro kwa mara ya tano. Tangu hapo manung'uniko yakapungua. Hayakuisha, ila yalipungua.

Nimeombwa niandike habari zake, si zangu. Nimejaribu. Lakini wote mnaonijua mnajua kwamba jambo lake kubwa kuliko yote limefungamana na upumbavu wangu, na siwezi kuusimulia werevu wake nikauacha upumbavu nyumbani.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini, kwenye pasi. Binti yangu alikuwa amepiga hatua zake za kwanza siku mbili nyuma, nne kamili, kutoka kitandani mpaka kwenye beseni, kisha akakaa kitako na kucheka. Nilikuwa nimezirekodi kwenye simu. Baba yake yuko mbali kikazi, na mara ya mwisho kumwona alikuwa hata shingo haijakaza. Video sikuwa nimeituma bado. Kila siku nilisema nitatuma kesho, nikishapumzika. Kwenye simu ile ndimo zilimokuwa picha zote za mtoto tangu azaliwe, na nakala nyingine sikuwa nayo popote.

Saa nne asubuhi, wakati wa chai, simu ikapiga mlio kama wa gari la zimamoto. Kioo kikawa chekundu. HATARI! SIMU YAKO IMEDUKULIWA. VIRUSI 13 VIMEGUNDULIWA. PICHA ZAKO ZOTE ZITAFUTWA BAADA YA DAKIKA 5. BONYEZA HAPA KUSAFISHA. Nikauzima mlio, ukarudi. Nikaifunika simu kwa kitambaa, kana kwamba ina aibu.

Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikakumbuka somo la wiki yangu ya kwanza: kitu chenye maambukizi hakishikwi mara mbili. Vaa glavu, tia kwenye mfuko mwekundu, funga, andika lebo, weka kwenye toroli. Basi nikavaa glavu. Nikaitia simu kwenye mfuko mwekundu, nikaufunga kwa fundo la kitaalamu kabisa, na kwenye mstari wa tatu wa lebo nikaandika kwa mwandiko wangu bora: Virusi 13. Nikauweka kwenye toroli ili usiwaambukizie wenzangu simu zao, kisha nikakimbia kumtafuta fundi wa mitambo. Kwamba mifuko myekundu haifunguliwi, kwamba inaingia mashineni mizima mizima na kuchemshwa, nilikuwa nikilijua vizuri kabisa. Nililikumbuka nikiwa mwisho wa korido.

Niliporudi, toroli halipo. Mwendesha mashine alikuwa ameshalivuta. Nilikimbia nikiwa nimevaa glavu, ndala moja nimeiacha njiani, huku namwona mwanangu akipiga zile hatua nne ndani ya maji ya moto.

Toroli lilikuwa limesimama dirishani. Bi Lebo ameushika mfuko wangu kwa ncha za vidole, miwani kwenye paji la uso, anauliza kwa sauti iliyofika mpaka jikoni: "Nani huyu mwenye virusi kumi na vitatu? Na nani aliyemhesabia?"

Mwendesha mashine alimwambia aupitishe tu, mashine inasubiri. Bi Lebo akamjibu kwamba mstari wa kwanza mtupu, wa pili mtupu, na miaka yote aliyokaa pale hajawahi kupokea mfuko unaojua una vijidudu vingapi. Hapo hapo mfuko ukalia kama zimamoto. "Mama, unalia huo!" akapiga kelele mwendesha mashine, akarukia nyuma ya mashuka. Ni mtu mzima, ana wajukuu, na ameniomba nisiandike sehemu hii.

Nilipofika sikuwa na pumzi ya kujieleza. Nilisema neno moja tu, "Mtoto," na kila aliyekuwepo akautazama mfuko kwa hofu mpya.

Bi Lebo akaufungua. Akaniamuru niweke mikono nyuma kama mwanafunzi, nami nikaweka. Hakubonyeza "Safisha". Hakubonyeza hata ile alama ya kufunga iliyokuwa pembeni, kwa sababu, alisema, hiyo nayo wameichora wao. Alizima intaneti kwanza, akaifunga programu yote ya kuperuzi. Nikasema zile dakika tano zimekwisha. Akasema zilikwisha zamani, nifungue picha nione. Nikafungua. Beseni lipo. Kitanda kipo. Hatua zote nne zipo. Nililia pale pale, na glavu zangu.

Hakuniacha nilie sana. Alikuwa ameshaurudia ujumbe mwingine wa hatari uliobaki kwenye orodha ya taarifa juu ya kioo, akaubonyeza akaushikilia, mpaka chini yake kwa herufi ndogo kama sisimizi likatokea jina la tovuti. "Haya, lebo hii hapa. Unawajua hawa?" Niliwajua. Ni pale nilipotafuta nyimbo za kumlaza mtoto. Akaniuliza walipotaka ruhusa ya kunitumia taarifa nilibonyeza nini. Nikasema nilibonyeza "Ruhusu". Kwa nini? Nikasema ukweli: "Waliomba vizuri."

Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akaniondolea ile ruhusa, akafuta mabaki yao, na ndipo akanisimulia kwamba yeye mwenyewe, miaka miwili nyuma, alibonyeza "Safisha" ya namna hiyo hiyo. Alijipakulia kitu kilichoifanya simu yake ipige kelele wiki tatu mfululizo, hata kanisani, mpaka mkwe wake akakiondoa. Kwa hiyo alichoniokoa nacho si uchawi. Ni swali lake la dirishani, ambalo siku ile ya kwake alisahau kuliuliza.

Hakunirudisha kwenye pasi mpaka nimetuma ile video mbele ya macho yake. Jioni baba mtoto akanijibu. Nilikuwa nimemsimulia yote, naye akaandika kwamba ameitazama mara kumi na tatu. Sijui kama alihesabu kweli au alikuwa ananicheka. Bi Lebo alisema hizo ndizo kumi na tatu za kuhesabu. Nami tangu siku hiyo kitengo kizima kinaniita Mama Kumi na Tatu.

Juu ya birika la chai kuna lebo aliyoibandika wiki ile: Umetoka wapi? Nani kakutuma? Nani kakuruhusu? Wengi imetufaa. Hata mkuu wa zamu alishuka siku moja na simu ya rafiki yake, yenye hatari kama ile ile. Bi Lebo aliitibu bila kusema lolote kuhusu picha ya mkuu wa zamu iliyokuwa imejaa kioo kizima.

Sasa dirisha amenikabidhi mimi, pamoja na kalamu yake ya wino usiofutika. Wiki iliyopita alipitisha koti lake la kazi, la bluu, lifuliwe mara ya mwisho. Halikuwa na lebo. Nililishika nikaliangalia, nikamwangalia na yeye, kisha nikalirudisha. Mpaka leo hasemi kama alisahau au alikuwa ananipima, lakini alilichukua bila kubisha na akaenda kulia kwenye mashuka, akidhani hatumwoni.

Kesho yake koti lilirudi na lebo; limefuliwa, limepigwa pasi na mimi mwenyewe, na siku ya sherehe atakabidhiwa likiwa kwenye mfuko mweupe. Lebo nimeshaandika:

Unatoka wapi: Udobi, kwetu sote.
Nani kaufunga: Mama Kumi na Tatu, na binti yake aliyeshika kamba. Siku hizi anakimbia.
Una nini ndani: Koti moja na asante zisizo na idadi. Pumzika vyema, mama yetu, ulale mpaka jua likufikie kitandani. Na huu mfuko usiurudishe, mistari yote mitatu imejazwa.